Mistari Mitatu ya Bi Zuwena

Ting-tong.

Ukiingia Hospitali Kuu ya Jamhuri ya Naam kwa mlango wa nyuma, ambao ndio mlango wa watu, hiyo ndiyo sauti utakayoisikia kabla hujaona chochote. Taa za ukumbini bado haziwaki, zinasubiri kuzinduliwa rasmi, kwa hiyo lazima kwanza usikie. Ting-tong. Kisha inafuata sauti ya mwanamke ambaye hayupo, tamu kama ya mtangazaji wa redio: "Mheshimiwa, kiti namba mbili kinakusubiri." Macho yakishazoea giza ndipo unapowaona watu themanini wamejazana kwenye mabenchi, na hainuki hata mmoja, kwa sababu hakuna hata mmoja aliye Mheshimiwa.

Bi Zuwena binti Sudi alikuwa benchi la tatu, amevua viatu kwa sababu miguu haikuingia tena. Figo zake zilikwisha kufa. Mara mbili kwa wiki damu yake ilipaswa kupitishwa kwenye mashine, isafishwe, kisha irudishwe mwilini. Akikosa mara moja anavimba. Akikosa mara mbili anaanza kuhema. Siku hiyo alikuwa amekosa mara tatu.

Asubuhi alikuwa mtu wa arobaini na moja kwenye foleni. Adhuhuri alikuwa wa hamsini na tatu. Wageni hushangaa wakisikia hivyo. Sisi hatushangai. Serikali yetu iliahidi kwamba foleni zitasogea, na zinasogea kweli. Zitasogea upande gani, hilo haikuulizwa.

Kilichowachekesha baadhi ya watu, wale wenye moyo wa kucheka, ni kwamba mashine ya kuita majina iliyokuwa ikimsukuma Bi Zuwena nyuma ilikuwa ikitii amri ambayo yeye mwenyewe aliitunza kwa mkono wake miaka kumi na mmoja. Nitaeleza ilivyokuwa, bila chuki, kama raia mwema anavyopaswa.

*

Kompyuta ni mtumishi mtiifu kuliko hata sisi, lakini haielewi maneno ya sokoni. Lazima iamrishwe kwa lugha yake. Nchini Naam lugha hiyo inaitwa Ukili, kwa sababu husukwa vilevile kama ukili wa mkeka: huyu anasuka kipande chake huku, yule kule, halafu vinashonwa pamoja. Ukili haina mwenyewe. Yeyote anaweza kuichukua, kuitumia, kuifungua aone ndani mna nini, kuinakili na kwenda nayo zake. Akiona tundu, ana ruhusa ya kuliziba.

Wanaoziba matundu huitwa wasukaji. Hakuna aliyewaajiri. Mbarouk anafuga kuku. Hamduni Kirobo anafundisha hesabu shule ya msingi. Bi Zuwena anatengeneza cherehani katika Mtaa wa Pini, na kipande chake ni amri ya kupanga orodha. Unaipa orodha iliyovurugika, inakurudishia iliyopangika, kwa umri, kwa tarehe, au kwa ukali wa ugonjwa. Ni kazi ndogo isiyo na sifa. Inaamua tu nani awe mbele na nani awe nyuma.

Wasukaji wana sheria moja: aliyesuka hajipitishii mwenyewe. Badiliko lolote huwekwa barazani, yaani kwenye ukurasa wa kompyuta ulio wazi mbele ya wote, na watu wawili wasiohusika kulisuka hulisoma, kila mmoja akaandika maneno matatu: "Nimesoma, mimi naridhia," au kwa walio na haraka, mawili tu, "Nimesoma, naridhia." Muhuri hawana, wala hawaapi. Neno la mtu linatosha.

Na walikuwa na ugonjwa mmoja, sitawaficha. Mtu akileta mistari mitatu, watu ishirini wataamka kuijadili. Waliwahi kubishana siku kumi na tisa kama maandishi ya onyo yawe mekundu au ya manjano, na Mbarouk akajiuzulu mara mbili katika siku hizo. Lakini mtu akileta mistari elfu nne, baraza linanyamaza. Kila mmoja anautazama ule urefu, anasema moyoni kwamba mwenzake bila shaka ataisoma.

"Nyinyi mnakagua sindano," Bi Zuwena aliwaambia siku moja, "halafu cherehani nzima inapita mlangoni mnaipisha."

Walicheka. Hamduni alicheka kuliko wote, maana yeye ndiye aliyesifika kwa kusoma mpaka nukta.

*

Kwa miaka kumi na mmoja serikali haikujua lolote. Maji yalitoka kwa zamu, vitambulisho vilitoka, matokeo ya mitihani yalitoka, wagonjwa waliitwa kwa kadiri walivyoumwa, na kila mwaka hotuba ilitueleza kwamba yote hayo yanaendeshwa na uongozi thabiti.

Kisha akaja mgeni kutoka nchi ya mbali, akaonyeshwa mitambo. Badala ya kupiga makofi, akauliza, "Nani anaitunza hii?"

Waziri wa Mitambo akamgeukia katibu. Katibu akamgeukia injinia. Injinia akageuka nyuma, akaona ukuta, ikambidi aseme kweli.

"Mama mmoja mtengeneza cherehani, mheshimiwa. Na wenzake."

Wiki mbili baadaye tulikuwa na Wizara ya Kujitolea. Waziri wake, Mheshimiwa Dokta Injinia Mwinchande, alihutubia uwanja mzima.

"Ndugu wananchi! Mtu anafanya kazi ya umma, hakuombwa, hakutumwa, hakuteuliwa. Nawauliza, anaficha nini? Kujitolea bila kibali ni tabia mbaya kama tabia nyingine! Serikali yenu sikivu imeamua kwamba kuanzia leo kujitolea kutakuwa ni hiari, na hiari hiyo ni ya lazima!"

Tulipiga makofi mpaka tulipoambiwa tuache.

Wasukaji wakaandikishwa. Wakapewa fomu saba na daftari la mahudhurio la kusaini saa mbili kamili asubuhi. Aliyechelewa aliandika barua kueleza kwa nini mapenzi yake kwa taifa yalipungua kwa dakika hizo. Aliyetaka kuacha aliruhusiwa, mradi awe ametimiza miaka thelathini ya kujitolea na alete mtu wa kujitolea badala yake.

Kisha zikaja heshima. Hamduni Kirobo aliteuliwa kuwa Mheshimiwa Msukaji wa Kwanza wa Taifa, akaahidiwa nishani yenye ukubwa wa kisosi. Bi Zuwena naye alipelekewa fomu ya cheo. Mahali palipoandikwa *Unaomba kuheshimiwa kwa sababu gani?* alijaza: *Siombi.* Fomu ilirudishwa kwa kuwa haijakamilika.

*

Badiliko Kubwa lililetwa barazani siku ya Jumatano kutoka ofisi ya Waziri. Lilikuwa na mistari elfu nne mia moja na kumi na miwili, na juu yake pameandikwa *Kusafisha vichwa vya faili.* Jumatano ilikuwa siku ya Bi Zuwena ya mashine. Alikuwa amelala kitini hospitalini na mrija mkononi.

Hamduni alilipata akiwa kwa fundi nguo, anapimwa suti ya kuvalia nishani. Fundi alikuwa anamzungushia futi kifuani.

"Vuta pumzi, Mheshimiwa. Nishani itakaa hapa?"

"Kushoto zaidi kidogo. Ionekane."

Mkono mmoja ukiwa umeinuliwa kwa ajili ya kipimo cha kwapa, kwa ule mwingine Hamduni akafungua simu, akaona mistari isiyo na mwisho, akasoma ishirini ya kwanza. Ilikuwa ni vichwa vya faili kweli, yale maandishi ya juu yasiyoamrisha kitu, vinasafishwa kweli. Akaandika, "Nimesoma, naridhia." Tangu alipolifungua mpaka alipolipitisha ilikuwa dakika moja na sekunde hamsini.

Mbarouk naye alisoma. Alisoma jina la Hamduni, akaridhika.

Mstari wa elfu mbili mia tisa na saba ulikuwa ndani ya amri ya kupanga orodha. Ulisema kwamba kabla ya umri, kabla ya tarehe, kabla ya ukali wa ugonjwa, mwenye cheo atangulie.

*

Kesho yake Naam iliamka imepangika upya.

Kwenye ligi ya mpira, timu ya Wizara ya Kujitolea iliongoza msimamo bila kucheza. Darasani, mtoto wa Mkuu wa Wilaya alikuwa wa kwanza katika mtihani ambao hakuufanya kwa kuwa alikuwa na tetekuwanga. Maji yalifika kwanza kwenye nyumba za Waheshimiwa, yakaoga huko, yakabaki huko. Na hospitalini mashine ikaanza kuita wenye vyeo: Mheshimiwa wa mafua, Mheshimiwa wa kucha iliyoota vibaya, Mheshimiwa aliyepita tu kumsalimu daktari akaandika jina lake langoni. Mgonjwa wa figo asiye na cheo alirudi nyuma kwa kila cheo kilichoingia, na vyeo, Mungu akipenda, huongezeka kila siku kwetu.

Serikali ilipokea malalamiko kwa uvumilivu mkubwa, mpaka yalipofika makaburini. Halmashauri ya Jiji huendesha maziko kwa orodha, na orodha ilimweka Meya mbele. Watu wa jeneza walimfuata ofisini mara tatu kwa siku moja.

"Mheshimiwa, zamu yako imefika. Shimo liko tayari."

"Mwambieni... andikeni kwamba nina kikao."

Asubuhi iliyofuata makaburi yalitolewa kwenye Badiliko Kubwa. Kazi hiyo ilichukua saa moja, pamoja na muda wa chai. Ndipo tukajua kwamba serikali yetu inaweza kufanya jambo haraka, ikihisi udongo.

Mtu asiyejulikana aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa hospitali:

*Wajitolea nchini, tunawapeni heshima,*
*Kaeni humo gizani, msichoke kuinama,*
*Mkiugua foleni, mkae kule kwa nyuma,*
*Taifa lawathamini, ila haliwezi sema.*

Wakaguzi walikuja, wakafuta mistari mitatu ya chini kwa chokaa. Ule wa kwanza waliuona ni mzuri. Sasa umetiwa fremu.

*

Bi Zuwena aliliona tundu alipokosa mashine mara ya kwanza, kwa miguu yake ilivyoanza kuvimba. Alifungua kompyuta dukani kwake katikati ya cherehani zilizofumuliwa, akalirudia Badiliko Kubwa mstari kwa mstari, akaukuta ule mmoja, akasuka dawa yake. Mistari mitatu. Akaiweka barazani.

Lakini baraza sasa lilikuwa chini ya Wizara, na mabadiliko yaliyosubiri kusomwa yalikuwa yamewekwa kwenye orodha. Orodha ilipangwa kwa Ukili. Mwenye cheo alitangulia. Badiliko la Mheshimiwa fulani la kuongeza ua kwenye kona ya ukurasa likaja juu. La Mheshimiwa mwingine la kuongeza ua la pili likafuata. Dawa ya Bi Zuwena ilikaa mwisho kabisa wa orodha ambayo ndiyo iliyokuwa ikiumwa.

Alimpigia Hamduni simu.

"Mwanangu, wewe una cheo sasa. Ilete kwa jina lako. Mimi jina silihitaji."

"Nitaileta, Bi Zuwena. Leo leo."

Hamduni akafungua fomu. Fomu ya kurekebisha badiliko lililokwisha kupita ilikuwa na swali moja tu la maana: *Wewe uliyeridhia awali, ulisoma?* Chini yake, kwa herufi ndogo, palielezwa kwamba atakayejibu hapana atavuliwa cheo. Na Hamduni, mwalimu wa hesabu, alipiga hesabu yake upesi: akivuliwa cheo, badiliko lake litarudi mwisho, karibu na la Bi Zuwena. Kwa hiyo kusema kweli hakutasaidia kitu. Akaona hiyo ni hoja nzuri sana. Aliridhika nayo siku kumi na moja, na siku ya kumi akavishwa nishani, akaitwa msomaji wa mfano, akashangiliwa.

Sitamlaumu. Huku kwetu mtu hulaumiwa akiwa hana nishani.

*

Ting-tong.

Siku ya kumi na moja Hamduni alikuja hospitalini kumwona mgonjwa. Alivaa suti, na nishani ilikaa kushoto, inaonekana. Langoni aliandika jina lake kwenye kompyuta ya wageni kama kila mtu. Hakufika hata benchi la kwanza.

"Mheshimiwa Msukaji wa Kwanza Hamduni Kirobo," ikasema ile sauti tamu, "kiti namba moja kinakusubiri."

Watu themanini wakageuka.

"Haya, baba, nenda," akasema mzee mmoja mwenye bakora. "Umeitwa. Usiicheleweshe mashine."

"Mimi siumwi," Hamduni akasema.

"Hata wa jana hakuwa anaumwa. Alilala vizuri sana."

Siwema, muuguzi wa chumba cha mashine, akatokeza mlangoni na glavu mikononi. "Mheshimiwa, tafadhali. Usipokaa wewe kiti kinafungwa mpaka zamu yako iishe. Muda wa saa nne. Ndivyo kilivyoagizwa."

"Mweke huyu mama."

"Nilishajaribu kuwaweka watu, kaka yangu. Mashine haiwaki kwa jina lisilo lake. Unafikiri nafurahi kuwaangalia?"

Hamduni akaja benchi la tatu, akachuchumaa mbele ya Bi Zuwena. Sasa mama huyo alikuwa wa sitini na mbili. Uso ulikuwa umejaa, macho yamebaki vijistari, na kila neno lilitanguliwa na kutweta.

"Suti nzuri," akasema. "Ila bega la kulia wamelivuta."

"Bi Zuwena. Lile Badiliko Kubwa. Mimi..."

"Dakika moja na sekunde hamsini."

"Nani amekuambia?" Hamduni akauliza.

"Baraza linaandika saa, mwanangu. Umesahau? Nilijua tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nangoja uje useme mwenyewe." Akavuta pumzi. "Umekawia."

Hamduni akaanza kulia kwa namna ya watu wazima, bila sauti, na nishani ikawa inagongagonga vifungo vya koti. Bi Zuwena akamtazama kidogo kisha akachoka.

"Machozi baadaye. Nisikilize. Ukili si ya Wizara. Mtu yeyote anaweza kuinakili na kwenda nayo. Hospitali nayo ni mtu yeyote. Siwema anao ufunguo wa kompyuta ile. Chukueni nakala, shoneni mistari yangu mitatu, mitambo ya humu itumie hiyo. Sheria ni wasomaji wawili. Haisemi wawe na cheo."

Siwema akatazama mlangoni. "Nitafukuzwa kazi."

"Utafukuzwa," Bi Zuwena akakubali. "Hilo siwezi kulipanga."

Muuguzi akavua glavu, moja, halafu nyingine, akaenda kuileta kompyuta na waya wake ukiburuta sakafuni.

Hamduni akaisoma ile mistari. Safari hii aliisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anavyowasomea watoto wa darasa la pili, na yule mzee wa bakora alipouliza, "Hapo inamaanisha nini?" akarudia mpaka mzee akatikisa kichwa. Siwema akasoma wa pili. Alikwama mstari wa mwisho, akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Wakaandika kila mmoja kwa zamu yake: "Nimesoma, naridhia." Ilichukua dakika ishirini na sita kwa mistari mitatu.

Mashine ikanyamaza kidogo, kama mtu aliyeulizwa jambo la zamani. Vidude vyake vya taa vikazimika, vikawaka.

Ting-tong.

"Mwajuma Tindwa, kiti namba moja."

Kijana wa kike asiyeweza hata kuinua kichwa chake akanyanyuliwa na watu wawili. Ting-tong. Mtu mwingine. Wote wakainua macho kwenye kioo cha majina, na Hamduni akayatafuta majina kwa kidole mpaka akalikuta.

"Wa nne!" akapaza sauti. "Bi Zuwena, wewe ni wa nne!"

Halafu hesabu ikamfikia. Viti vinavyofanya kazi vilikuwa viwili, na vyote vimeshapata watu. Kila mtu saa nne. Wa tatu na wa nne wangeingia jioni. Akageuka kumtazama jinsi kifua kilivyokuwa kikipanda, akainama sikioni mwake.

"Naweza kuongeza mstari mmoja," akanong'ona. "Mmoja tu. Jina lako. Kwa leo tu, kesho nautoa. Siwema atasoma. Hakuna atakayejua."

Bi Zuwena akafumbua macho.

"Hata wao walianza na mmoja."

"Lakini hutafika jioni!"

"Huenda nitafika. Huenda sitafika. Walio mbele yangu wanaumwa kuliko mimi, mashine imesema, na safari hii haisemi uongo. Wa nne ndiyo nafasi yangu. Sijawahi kuipata nafasi yangu nchi hii, mwanangu, usininyang'anye." Akaishika ile nishani, si kwa kuivuta, kama mtu anayeshika kitasa asianguke. "Niahidi."

"Naahidi," Hamduni akasema chini chini.

"Sikusikia. Na hawa wote hawakusikia. Uliridhia peke yako, hakuna aliyekuona. Sasa ahidi mbele ya watu."

Nje, magari ya Wizara yalikuwa yameshaanza kupiga honi langoni, kwa kuwa taarifa zilifika kwamba ndani ya Hospitali Kuu kuna kitu kinafanya kazi. Siwema akaegemeza mgongo mlangoni. Hamduni akasimama, akafuta uso kwa mkono wa suti mpya, akasema kwa sauti iliyofika mpaka benchi la mwisho:

"Bi Zuwena binti Sudi, nakuahidi. Sitaongeza jina lako. Sitaongeza jina la mtu yeyote. Na sitaandika tena kwamba nimesoma kabla sijasoma, hata iwe mistari elfu nne, hata kama wewe hutakuwepo kunihesabia dakika."